Kahawia Ipi kwa Ukuta wa Kulesa?

Maji ya mto Tana yanapofika Kulesa yamekwisha kusafiri mamia ya kilomita kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na njia nzima yamekuwa yakichota udongo. Ndiyo maana rangi ya mto hapa ni rangi ya kingo zake, ya njia za kijiji na ya kuta za udongo: kahawia. Kijiji hiki cha Wapokomo, katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River, kinalima na kujenga juu ya udongo ulioletwa na mto.

Mwenye nyumba ya plasta mahali kama hapa akitaka kupaka rangi, mara nyingi huugawa ukuta mara mbili. Juu hupaka nyeupe au rangi ya maziwa. Chini, kiasi cha futi tatu, hupaka kahawia iliyokolea. Ana sababu nzuri. Mvua ikipiga ardhi, tope huruka na kuganda chini ya ukuta. Watoto huegemea hapo, kuku hupita hapo. Na mto ukifurika, kama ulivyofurika katika kaunti hii mwaka 1997, 2018 na tena kuanzia mwisho wa 2023 hadi 2024, maji yakiondoka huacha mstari wa tope kwenye kila ukuta ulioguswa.

Taabu huanza dukani. Kadi ya rangi ina kahawia tano au sita zilizokolea, zimepangwa bega kwa bega, na ukizitazama haraka utaapa ni moja. Muuzaji anasema zote ni sawa. Fundi anapendekeza moja, mama mwenye nyumba anapenda nyingine, na mwishowe inachukuliwa iliyo karibu na mkono. Baada ya wiki mbili, ukuta unaonekana mweusi, au mwekundu kuliko ilivyotakiwa, au tope linaonekana juu yake zaidi kuliko zamani.

Watafiti wa mwanga na jicho wamelishughulikia jambo hili kwa karibu miaka 200, na walichokigundua kinamfaa sana mtu wa Kulesa mwenye pesa za makopo mawili tu. Tofauti kati ya kahawia hizo ni ya kweli. Lakini dukani si mahali pa kuiona, kwa sababu kahawia ni rangi inayotegemea mno kilicho kando yake.

Rangi isiyomo katika upinde wa mvua

Isaac Newton alipopitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo cha pembe tatu, majaribio aliyoyachapisha mwaka 1672, mwanga ulifunguka ukawa mfululizo wa rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu hadi zambarau. Kahawia haimo. Hata katika upinde wa mvua unaosimama juu ya Tana huioni.

Imetoka wapi basi? Kahawia ni rangi ya chungwa, au njano iliyoelekea nyekundu, inayotoa mwanga mdogo kuliko vitu vinavyoizunguka. Jicho hupokea mwanga ule ule wa chungwa, lakini ubongo hulinganisha. Ukiona kando yake kuna kitu cheupe kinachong'aa zaidi, huamua kwamba hiki ni kitu cha giza, nasi tunaona kahawia. Mtafiti C. J. Bartleson aliandika makala nzima kuhusu rangi hii mwaka 1976, na wengine baada yake wakathibitisha kwamba bila jirani mwangavu zaidi, kahawia hutoweka.

Unaweza kulijaribu hili nyumbani. Usiku, zima taa zote, kisha fungua kwenye simu picha ya kahawia tupu inayojaza kioo chote, bila herufi wala ukingo mweupe, na uongeze mwanga wa simu hadi mwisho. Utaiona ikielekea rangi ya chungwa. Sasa washa taa na uweke karatasi nyeupe kando ya simu. Kahawia inarudi. Simu haikubadilika, kilichobadilika ni jirani.

Jirani wa rangi

Nguvu ya jirani ilielezwa vizuri kwanza na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul. Mwaka 1824 alipewa usimamizi wa idara ya rangi katika kiwanda cha serikali cha Gobelins, mjini Paris, kilichofuma mazulia ya ukutani. Wafumaji walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Chevreul alizilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine akaona hazina kasoro yoyote. Kosa lilikuwa la majirani: nyeusi ile iliwekwa kando ya buluu na zambarau, na rangi hizo ziliifanya ionekane dhaifu. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kikubwa juu ya kanuni hiyo: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyingine mbali nayo, katika mwanga na katika rangi yenyewe.

Kanuni hiyo ina kazi kwenye ukuta wa Kulesa. Kahawia iliyopakwa chini ya nyeupe kali huonekana nyeusi zaidi kuliko ikipakwa chini ya rangi ya maziwa. Kahawia inayotazamana na migomba huonekana nyekundu zaidi, maana kijani huisukuma upande huo. Kiangazi kinapokausha majani na ardhi ya uwanja ikapauka, ukuta ule ule hupoteza wekundu wake na kuonekana mzito. Kwa hiyo anayechagua kahawia anachagua pia rangi ya juu ya ukuta, mimea ya mbele ya nyumba na ardhi ya uwanja, hata kama hajui.

Kwa nini zilizokolea hutatanisha

Mwaka 1834 Ernst Heinrich Weber, profesa wa Leipzig nchini Ujerumani, alieleza kanuni aliyoipata kwa kupima mizigo mikononi mwa watu. Ongeza kikombe cha maji katika jagi dogo, na mbebaji atahisi uzito umezidi. Ongeza kikombe hicho hicho katika mtungi wa lita 20, na hatahisi kitu. Hisia zetu hupima uwiano kuliko kiasi. Macho pia, kwa kiwango kikubwa, hufuata kanuni hiyo.

Ukuta mweupe safi hurudisha kiasi cha 80 katika kila sehemu 100 za mwanga unaoufikia. Kahawia iliyokolea hurudisha chini ya 10. Tuseme moja inarudisha 6 na nyingine 7. Tofauti ni moja tu, lakini ni moja juu ya sita, karibu asilimia 17, na jicho lenye afya huiona bila shida mchana. Nyeupe mbili zinazorudisha 80 na 81 zingepita bila mtu kujua. Kwa hiyo anayesema kahawia zote ni sawa amekosea. Ni rangi ambazo tofauti yake ndogo huonekana sana zikishakaa ukutani.

Mbona basi kwenye kadi zinafanana? Kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni weupe wa kadi yenyewe. Mwaka 1966 mtafiti H. Takasaki alionyesha kwamba jicho hutofautisha vyema rangi mbili zinazokaribiana pale zinapowekwa juu ya kitu chenye mwanga wa kiasi kama chao. Juu ya karatasi nyeupe jicho hujipanga kwa ajili ya weupe, na rangi zote za giza hubanwa pamoja. Kata ukingo mweupe, uziweke kahawia zako juu ya ardhi ya uwanja au juu ya katoni, na zitaanza kuachana mbele ya macho yako.

Ya pili ni mng'ao. Uso wowote wa rangi, uwe mweusi au mweupe, hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya mwanga papo hapo juu, kabla mwanga haujaingia ndani na kupata rangi. Kwa nyeupe, nne juu ya themanini si kitu. Kwa kahawia, nne hiyo inakaribia kulingana na rangi yenyewe. Zile 6 na 7 zinakuwa 10 na 11, na tofauti inapungua kutoka asilimia 17 hadi 10. Rangi ya mafuta yenye kung'aa huutupa mwanga huo upande mmoja kama kioo, hivyo ukisogea kidogo unaiona kahawia yenyewe, nzito na ya kina. Rangi ya maji isiyong'aa huusambaza kila upande, na ukungu wake haukwepeki. Kahawia yenye namba ile ile kwenye kadi, ikitiwa katika kopo la kung'aa na kopo lisilong'aa, itatoa kuta mbili tofauti. Amua kwanza aina ya kopo, ndipo uamue rangi.

Tope lililolowa na tope kavu

Kila mtu wa Tana anajua kwamba udongo ukilowa hugeuka mzito wa rangi. Mwanasayansi wa Uswidi, Anders Ångström, alitoa maelezo yake mwaka 1925. Utando wa maji juu ya udongo huziba njia ya mwanga unaotaka kutoka: sehemu yake hugonga upande wa chini wa utando, hurudishwa kwenye udongo, na kila inaporudi udongo hunyonya zaidi. Maji yakikauka, mwanga hutoka kwa urahisi, na udongo hupauka.

Hili lina maana kubwa kwa anayetaka kuficha tope. Watu wengi huchagua kahawia inayofanana na tope walilolizoea kulikanyaga, yaani tope bichi. Lakini tope lililoruka ukutani halikai bichi. Kufikia saa sita mchana limekauka na kupauka, na juu ya kahawia nzito sana hung'aa kama unga. Vivyo hivyo vumbi la kiangazi. Kahawia inayoficha uchafu ni ile iliyo karibu na udongo mkavu wa uwanja wako, yaani hatua moja au mbili juu ya ile nzito kuliko zote kwenye kadi. Ukifanya hivyo, umeokoa pesa za sabuni na kazi ya kusugua.

Kumbuka pia kwamba rangi ya maji, kinyume na udongo, hukolea inapokauka. Ikiwa bado mbichi ina weupe kama maziwa, kwa sababu chembe zake zilizo majini hutawanya mwanga. Usimlaumu fundi siku ya kwanza, wala usimsifu. Ngoja ikauke kabisa.

Kilichomo ndani ya kopo

Rangi nyingi za kahawia zinazouzwa leo hupata rangi yake kutoka oksaidi za chuma, kutu za aina mbalimbali. Ya kwanza ni nyekundu, ya pili njano, ya tatu nyeusi. Hizo ndizo zinazoupa udongo wa nyanda za juu wekundu wake, ule udongo ambao Tana huuteremsha hadi Garsen. Zikichanganywa kwa viwango mbalimbali hutoa kahawia za kila namna. Moja huwa na wekundu ndani yake, nyingine njano, nyingine imejaa nyeusi.

Watu wa nchi hii wamezijua kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuwazia. Huko Olorgesailie, katika Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi, watafiti wakiongozwa na Alison Brooks na Rick Potts, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata madongoa meusi na mekundu ya kutengenezea rangi, yenye umri wa karibu miaka 300,000, mengine yakiwa na alama za kuchongwa.

Oksaidi za chuma zina sifa inayoufaa ukuta wa nje: jua haliziharibu kwa urahisi. Ukiwa umbali wa zaidi kidogo ya digrii mbili kutoka ikweta, hiyo ni sifa ya kutafuta. Muulize muuzaji kama kahawia yake imetokana na oksaidi. Muulize pia kama kopo limeandikwa kwamba halina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili wa mtoto, na kipimo kinachopendekezwa kimataifa ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Sehemu ya chini ya ukuta ndiyo inayofikiwa na mikono ya mtoto anayetambaa.

Kujua rangi iliyofichika ndani ya kahawia nzito kuna njia rahisi ya mafundi. Chukua kijiko kimoja cha kila kahawia, uchanganye na vijiko kumi vya rangi nyeupe ya aina hiyo hiyo. Yenye wekundu itageuka waridi, yenye njano itakuwa kama chai ya maziwa, na iliyojaa nyeusi itaelekea kijivu. Kahawia zilizofanana kama mapacha ndani ya makopo zitaonyesha mara moja kwamba hazikuzaliwa pamoja.

Taa ya usiku na giza la magharibi

Rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya jua na kuachana chini ya taa, kwa sababu taa hazitoi mwanga wa aina moja. Taa ya mafuta ya taa hutoa mwanga wa njano na nyekundu, na kila kahawia mbele yake huonekana ya joto. Balbu nyingi za LED, zikiwemo zinazotumia sola, hutengeneza weupe kwa kuchanganya mwanga wa buluu na unga wa kemikali unaotoa njano. Uvumbuzi wa LED ya buluu uliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014, na umeleta mwanga katika nyumba ambazo nguzo za umeme hazijafika. Lakini balbu ya bei ya chini huwa na upungufu wa nyekundu, na kahawia yenye wekundu sebuleni huonekana imefifia chini yake. Kama unapaka ndani, itazame kahawia yako chini ya balbu utakayoitumia.

Jua likizama kuna badiliko jingine. Mwaka 1825 Jan Purkyně, mtafiti kutoka Bohemia, aliandika kwamba mwanga unapopungua, vitu vyekundu hutangulia kuwa vyeusi huku vya buluu vikiendelea kuonekana. Sababu ni kwamba jicho hubadilisha zamu: chembe zinazoona rangi hupumzika, na zinazoona gizani, ambazo haziuhisi wekundu, hushika kazi. Ikiwa familia yako hukaa barazani baada ya magharibi, ukuta wa kahawia nyekundu utakuwa mweusi mapema kuliko wa kahawia yenye njano.

Joto

Kahawia iliyokolea hunyonya sehemu kubwa ya nguvu za jua, kwa kawaida zaidi ya asilimia 80, na kuigeuza joto. Jua la mchana wa anga safi huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba inayolielekea. Karibu na ikweta, ukuta unaoteseka zaidi ni wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri, na joto la ukuta wa magharibi huingia ndani jioni, wakati watu wanataka kulala. Futi tatu za kahawia chini hazina madhara makubwa. Kupaka ukuta mzima wa magharibi kahawia nzito katika joto la Garsen ni kujitafutia usiku mgumu. Juu acha nyeupe au maziwa.

Namna ya kuchagua

Usiamue ukiwa dukani. Chukua kahawia mbili au tatu unazozipenda, kiasi kidogo cha kila moja, kwa aina ya rangi utakayotumia kweli. Paka kila moja mara mbili kwenye kipande cha ubao au cha plasta, kikubwa kama ukurasa wa daftari au zaidi, bila kuacha ukingo mweupe. Zikauke kwa siku nzima.

Kisha visimamishe vipande chini ya ukuta wako, vikigusana, ardhi yako ikiwa mbele yake na rangi ya juu ikiwa juu yake. Vitazame asubuhi, adhuhuri na magharibi. Waite wengine watazame pia. Lenzi ya jicho la mzee hupunguza mwanga na kuchuja buluu, na wapo wanaume waliozaliwa na macho yasiyotofautisha vyema kahawia na kijani, wengi wao bila kujua. Rangi ya nyumba ni ya macho ya wote wanaoishi humo.

Mwishowe chota tope la uwanja wako, ulirushe kidogo kwenye kila kipande, uliache likauke. Kipande ambacho tope limepotea juu yake ndicho kilichoshinda. Ukishaamua, nunua rangi yote kwa mara moja, na uyachanganye makopo yote katika ndoo kubwa kabla ya kupaka, kwa sababu tone la ziada la nyeusi katika kopo moja huonekana ukutani.

Na ikiwa baada ya hayo yote, kwenye ukuta wako na katika mwanga wako, kahawia mbili bado hazitofautiani, basi kwako wewe ni rangi moja. Chukua ya bei nafuu, na pesa zilizobaki ununue brashi nzuri.